Mama Tema na Dumu la Meza ya Bwana

Kwa miezi kumi na sita, mwanamke ambaye hajawahi kumeza hata tone moja la pombe alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana kwa kosa la pombe. Sentensi hiyo naiandika polepole ili msomaji asidhani nimekosea. Hajawahi kumeza. Hakumeza siku ya harusi yake, wala siku aliyofiwa, wala kwa kufichaficha jikoni kwa shoga yake. Hata hivyo wazee tisa wa kanisa letu, wote wanaume, walimwita, wakamsomea barua ya aya nne, na kuanzia Jumapili iliyofuata akahamishiwa benchi la mwisho kabisa, lile lililo karibu na mlango wa choo, wanapokaa walio chini ya nidhamu.

Kosa lake lilikuwa kazi yake. Alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha bia.

Kazi yenyewe nitaieleza mimi, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati ya wale tisa aliyemwomba aieleze. Kila siku saa nne asubuhi, ulimi ukiwa bado haujachoshwa na chakula, waonjaji sita huingia katika chumba kisicho na picha wala dirisha la barabarani, kila mmoja akajifungia ndani ya kibanda cha mbao kama mpiga kura. Taa ni nyekundu, ili jicho lisidanganywe na rangi ya kinywaji. Manukato ni marufuku, kitunguu ni marufuku tangu alfajiri, na hata sabuni ya kuogea ni ile isiyonukia. Kupitia kidirisha hupitishwa glasi tatu: mbili zina bia ileile, moja ina bia tofauti. Mwonjaji aseme ipi ni ngeni na ina kasoro gani. Mwanamke wetu huyu hufumba macho, hunusa mara mbili, huchukua funda dogo, hulizungusha mdomoni, kisha hulitema katika ndoo iliyo miguuni pake na kusukutua kwa maji ya uvuguvugu. Halafu huandika: siagi, kabichi iliyochemshwa, karatasi iliyolowa. Siku moja aliandika, “Bomba la chuma, tanki la tatu.” Mafundi walicheka. Walipofungua bomba la tanki la tatu, walikuta kutu.

Wenzake watano hawatemi, humeza. Mkuu wa maabara alimwambia hivyo tangu siku ya kwanza: “Mama, divai hutemwa. Bia humezwa, kwa sababu uchungu wake unakaa huku chini kooni. Ukitema, nusu ya kazi imekupita.”

“Nipime,” akajibu.

Alimpima siku kumi mfululizo. Alikosea mara moja tu, na siku hiyo alikuwa na mafua. Basi ndoo ikaletwa kwa ajili yake peke yake, na kiwanda kizima kikaanza kumwita Mama Tema, kwa heshima ileile ambayo watu humwita fundi stadi kwa jina la chombo chake. Ni kanisani jina hilo lilipogeuzwa kuwa kejeli.

Naye hakwenda kiwandani kutafuta bia. Alikwenda kumenya viazi. Miaka sita alikuwa jikoni kwenye kantini ya wafanyakazi, hadi siku alipomwambia mpishi kwamba maji ya bomba jipya yana ladha ya gunia lililovunda. Mkuu wa maabara, aliyekuwa kwenye foleni na sahani yake mkononi, akasikia. Akaenda kukagua chujio. Wiki iliyofuata Mama Tema alivuliwa aproni ya jiko, akavishwa koti jeupe.

Watu hustaajabu pua na ulimi huo vilitoka wapi. Mimi najua, kwa sababu tulikua nyumba za kupakana. Vilitoka mlangoni kwa baba yake. Baba huyo alikuwa mlevi, na binti huyo, akiwa na miaka saba, alijifunza kusimama nyuma ya pazia na kunusa kabla mlango haujafunguka wote. Harufu tamutamu ilimaanisha baba ataimba na kugawa peremende. Harufu kali, ya kuchoma, ilimaanisha mkanda. Mdogo wake wa kiume alikuwa akingoja ishara chumba cha pili: kidole kimoja juu, njoo; ngumi, jifiche. Hakuwahi kukosea. Chuo chake kilikuwa hicho, na ada aliilipa kwa hofu. Mtu akiniambia mwanamke huyo hajui ubaya wa pombe, nitamwomba anyamaze.

Mdogo wake alikua akawa seremala, tena seremala wa kusifiwa, naye akaifuata njia ya baba hatua kwa hatua. Mabenchi yote ya kanisa letu aliyatengeneza yeye. Unaweza kuyasoma kama shajara: ya mbele yamenyooka kama rula, ya katikati yana misumari iliyopinda, na lile la mwisho, alilolimaliza katika wiki yake mbaya kuliko zote, lina mguu mmoja mfupi. Ni juu ya benchi hilo dada yake aliketishwa. Kila aliposimama kuimba liligonga sakafu, ko! Watoto wakageuka kutazama.

Siku ya barua, Mzee Kiongozi, mwenyekiti wa wazee, mwalimu mstaafu ambaye bado huongea kana kwamba ana chaki mkononi, alimwambia: “Una ukaribu wa hiari na kileo. Acha kazi, urudi mezani.”

“Wazee wangu,” alijibu, “wengine wanalipwa kwa kunywa. Mimi nalipwa kwa kutokunywa.”

“Unatania?”

“Hapana, baba. Najibu.”

Sasa nisikilizeni. Dereva wa lori la kimea la kiwanda hichohicho anaimba besi katika kwaya yetu. Mwenye mtambo unaochapa lebo za chupa huketi benchi la pili na kusoma matangazo. Hakuna aliyewaandikia hata mstari mmoja. Mimi mwenyewe sinywi, na sijui kuwacheka wanaoihofia pombe. Nusu ya wale wazee walilelewa katika nyumba zilizovunjwa nayo. Lakini hofu ikikosa macho hupiga aliye karibu. Maandiko yanakitaja kiasi miongoni mwa matunda ya Roho, na tunda huonekana kwenye mti wenyewe; halipimwi kwa umbali kati ya mti na duka la pombe. Ni nani kati yetu anayewekewa majaribu mdomoni kila siku saa nne, na kila siku akayatema?

Mama Tema hakuhama kanisa. Alikuja kila Jumapili akakaa juu ya benchi linalogonga. Nilipomuuliza sababu, alisema, “Nikiondoka, nani atamwonyesha kaka yangu njia ya kurudi?”

Ndugu yake alirudi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2022 aliacha pombe, akamwomba dada yake jambo moja. Kila alasiri, akitoka kazini, apitie karakana. Hapo mlangoni, kati ya maranda na mbao, Fundi, kama tulivyomwita seremala huyo, alikuwa akifungua mdomo kama mgonjwa mbele ya daktari.

“Ninuse, dada.”

“Gundi. Jasho. Na maharage ya mchana.”

“Basi?”

“Basi.”

“Haya, tunaendelea.”

Kisha Fundi alichora mstari mmoja wa siku hiyo kwa penseli kwenye ubao wa ukutani. Siku moja alirudisha dawa ya kikohozi dukani kwa sababu alisoma kwenye kikaratasi chake kwamba ina kileo. Muuzaji alimcheka: “Kijiko kimoja tu, Fundi!” Naye akajibu, “Wewe ni mtu wa kijiko. Mimi kijiko kinaniletea pipa.” Alijijua. Hicho nacho ni kiasi, na wengi waliosoma kuliko yeye hawana.

Mistari ilipofika mia mbili arobaini na tatu, wazee walikubali Fundi arudishwe mezani, Jumapili ya kwanza ya Septemba. Nidhamu ya dada yake ikabaki palepale. Yaani mlevi wa jana angeketi mbele, na aliyemtoa kwenye ulevi angeketi nyuma kwa kosa la ulevi! Nilikunja karatasi ya matangazo hadi ikachanika.

Kabla sijaingia katika siku hiyo, lazima niseme neno kuhusu kinywaji chetu. Kanisa letu halitumii divai yenye kileo. Kamati ya Meza huchemsha zabibu kavu, huchuja, na juisi hiyo ndiyo inayomiminwa katika vikombe vidogo mara moja kwa mwezi. Msimamizi wa kamati ni mwanamke msafi, mkarimu, mwenye mikono ya dhahabu, tunayemwita Mama Mezani. Na Mama Mezani alikuwa na kanuni aliyorithi kwa waliomtangulia: kilichobaki mezani kwa Bwana hakimwagwi. Kilichokwisha kumiminwa katika vikombe kisinywewe, Mzee Kiongozi alikimaliza mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, kwa heshima kubwa. Kilichobaki katika jagi kilirudishwa katika dumu la plastiki ndani ya kabati la chumba cha maandalizi, chini ya bati linalowaka kwa jua; zamani lilikaa katika jokofu, nalo jokofu lilikufa wiki chache baada ya Mama Tema kuhamishiwa nyuma. Mwezi uliofuata, juisi mpya ilimiminwa juu ya ile ya zamani. Mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, dumu lilelile, halijawahi kuwa tupu.

Mimi nafundisha kemia. Nilipokuja kuisikia kanuni hiyo baadaye, nilishika kichwa. Lakini siku ile nilikuwa sijui, na hakuna aliyejua.

Jumapili ikafika. Fundi aliketi mbele, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, kucha zimesuguliwa lakini gundi haijatoka yote. Mkate ukapita. Mama Mezani akainua kitambaa cheupe juu ya sinia za vikombe. Madirisha yalikuwa wazi, na upepo, ambao siku nyingine hutoka nyuma, ukatoka mbele kwenda nyuma.

Nikasikia: ko!

Nikageuka. Mama Tema alikuwa amesimama. Macho yamefumbwa, kidevu juu, mabawa ya pua yakicheza. Alinusa mara moja. Akanusa mara ya pili. Aliniambia baadaye kwamba alijishuku mwenyewe, akadhani ni koti lake la kazi, kisha akakumbuka koti liko kiwandani. Zabibu aliipata. Nyuma ya zabibu akapata chachu. Na nyuma ya chachu akapata kile alichokuwa akikitambua tangu miaka saba, nyuma ya pazia.

Mhudumu wa mlango akamshika kiwiko. “Mama, keti. Uko chini ya nidhamu, huruhusiwi kusema kitu.”

Sinia ilikuwa imefika benchi la mbele. Fundi alichukua kikombe chake kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika yai la ndege. Mchungaji akasema, “Tunyweni sote.”

Mama Tema aliunyanyua upande wa benchi wenye mguu mfupi, akauachia. Ko! Akaugonga tena. Ko! Ko! Kanisa zima likageuka, na ndugu yake akageuka, kikombe kikiwa kimefika mdomoni. Akamwona dada yake amesimama kule mwisho, mkono juu, vidole vimekunjwa.

Ngumi.

Miaka thelathini na tano ilikuwa imepita tangu ishara ile itumike mara ya mwisho. Fundi hakuuliza. Alishusha kikombe, akakiweka sakafuni katikati ya viatu vyake, akakaa juu ya mikono yake miwili.

“Kuna nini?” Mzee Kiongozi alinguruma. “Wewe Fundi, unaikataa Meza ya Bwana?”

“Dada amesema ngumi,” Fundi akajibu, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

Mchungaji wetu ni kijana, na kwa kawaida huwatazama wazee kabla ya kupumua. Siku ile hakuwatazama. “Mama, sema.”

“Mchungaji, hiyo imechacha. Ina kileo. Msimpe ndugu yangu.”

Ungeona zogo! Mama Mezani alipiga kifua: “Juisi yangu? Niliyoichemsha kwa mikono yangu? Mama Tema, nimekukosea nini miye hadi univue nguo mbele za watu?”

“Hujakosa, dada yangu. Ni dumu.”

“Mkuki kwa nguruwe!” akasema mmoja pale pembeni. “Anayeshinda kwenye bia leo anatunusia sisi!”

“Mtu wa kiwanda cha pombe kila kitu kwake ni pombe,” Mzee Kiongozi akasema. “Hata maji ya ubatizo atasema ni bia. Haya, tumpime! Mama Mezani, ipo nyingine?”

Ilikuwapo. Juisi iliyochemshwa Jumamosi haikuenea yote katika dumu, ikabaki chupa moja iliyofungwa vizuri, safi, haijachanganywa. Mzee Kiongozi, kwa furaha ya mwalimu anayetunga mtihani mgumu, akaamuru vikombe vitatu vipya. Mama Tema akageuziwa ukuta. Mzee akamimina viwili kutoka jagi na kimoja kutoka chupa, akavizungusha juu ya meza, akavipanga. Hakujua kwamba alikuwa amebuni upya, kwa akili yake mwenyewe, mtihani ambao mwanamke huyo hufanyiwa kila siku ya Mungu.

“Haya, bingwa. Kipi tofauti?”

Akaja mbele, hatua kwa hatua, katika njia ya katikati ambayo hakuwa ameikanyaga kwa miezi kumi na minne. Mtu akampa kopo la maua. Akanusa, akachukua funda, akazungusha, akatema. Cha pili, akatema. Cha tatu, akatema. Watoto walisimama juu ya mabenchi na hakuna mzazi aliyewashusha.

“Cha kulia ndicho salama. Hivi viwili vimechacha. Kileo kiasi cha nne na nusu kwa mia.” Akasita, akaongeza kwa sauti ya chini, “Bia yetu nyepesi haifiki hapo.”

Mzee Kiongozi akakunja uso. “Bahati. Tena!”

Safari hii alivipanga akiwa amewapa watu mgongo, hata Mchungaji hakuona. Mama Tema akarudia. “Sasa cha katikati.”

Kilikuwa cha katikati. Kwaya ikapiga kelele kama uwanja wa mpira.

“Tena!” Mzee akasema, lakini jagi lilikuwa limekwisha. Mama Mezani akakimbilia chumba cha maandalizi, akarudi amelikumbatia dumu lake, limevimba ubavuni kama mbuzi mwenye mimba. Alilifunga mwenyewe alfajiri, baada ya kujaza jagi, na tangu hapo lilikuwa likipigwa jua. Akalitua juu ya kiti, akakamata kifuniko, akazungusha.

Psssss!

Povu likapanda, likamlowesha mikono hadi kwenye viwiko, likatiririka sakafuni. Harufu ikajaza kanisa, na sasa hakukuhitajika pua ya kiwandani.

Kabla povu halijatulia, mke wa Mzee Kiongozi, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akiongea ibadani, alisema kwa sauti iliyofika mwisho: “Ahaa! Ndiyo maana kila Jumapili ya Meza unarudi nyumbani unaimba, na viatu unapovivua unachanganya cha kulia na cha kushoto!”

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Dereva wa kimea alijifuta machozi kwa tai. Mzee Kiongozi, adui wa pombe kwa miaka arobaini, alikuwa amemaliza vikombe vya akiba visivyopungua kumi na viwili kila mwezi, na nyani, kama wasemavyo, haoni kundule. Aliketi taratibu. Nilimwona akizeeka kwa dakika moja, na hasira yangu yote, niliyoifuga miezi kumi na minne, ikatafuta pa kumpiga. Nilitamani Mama Tema aseme neno moja tu kali. Alistahili neno hilo! Alikuwa nalo ulimini, namjua.

Alilizungusha. Akalitema.

“Baba,” alimwambia, “hukujua. Mtu haadhibiwi kwa asichokijua.” Akamgeukia Mama Mezani aliyekuwa akilia. “Na wewe umekosea kwa heshima, si kwa uzembe. Chachu huishi katika mabaki. Dumu jipya kila mwezi, chemsha, na kinachobaki kirudishwe ardhini. Ardhi nayo ni ya Bwana.”

Mchungaji akamimina juisi ya chupa katika vikombe viwili. Kimoja akampa Fundi. Cha pili akamnyooshea Mama Tema. Hapo ndipo Mzee mwingine akakohoa: nidhamu haijaondolewa, kuna utaratibu, kuna kikao. Mchungaji akasita, mkono ukabaki hewani.

Fundi akasimama. Aliingoja siku hiyo kwa mistari mia mbili arobaini na tatu ya penseli, nasi sote tulijua alivyoitaka. Akakirudisha kikombe chake katika sinia.

“Kiko salama, dada?”

“Kiko salama, kaka. Kunywa.”

“Basi nitakingoja na wewe.”

Mama Tema akarudi nyuma; Fundi akamfuata, akaketi juu ya benchi alilolitengeneza akiwa amelewa, ubavuni kwa dada yake. Benchi likagonga. Yeye akainama, akautazama mguu wake mfupi, akatoa penseli sikioni, akatia alama.

Walikaa hapo pamoja Jumapili nane. Watu walianza kuhamia nyuma, mmoja mmoja, mimi nikiwamo, hata wakati wa Meza mwezi wa kumi mabenchi ya mbele yalikuwa na wazee peke yao. Kikao kilichosemekana kingengoja mwaka mpya kikaitishwa haraka, na barua ya pili, ya aya moja, iliandikwa kwa mkono wa Mzee Kiongozi mwenyewe.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, Mama Tema na ndugu yake walishiriki Meza ya Bwana pamoja, wakiwa wameketi juu ya benchi lenye miguu minne iliyo sawa. Na tangu asubuhi hiyo hakuna juisi inayotoka katika chumba cha maandalizi kabla yeye hajaionja na kuitema.